Kesi ya Godoro, Mbwa wa Mfano

Kila mtu katika mji ule aliijua kanuni, hata watoto ambao majedwali ya kuzidisha yalikuwa bado yanawashinda. Mnyama wa nyumbani akizidi uzani uliowekwa, atadungwa sindano ya kupunguza mwili; naye aliyemlisha kupita kiasi atazunguka naye kiwanja cha Idara kila asubuhi, amevaa kizibao cha manjano chenye neno MLISHAJI mgongoni, mpaka mnyama arudi katika kipimo chake. Atakayeshindwa kuzunguka atanyang'anywa mnyama, asirudishiwe kamwe. Cheo, umri na undugu havitazingatiwa. Sentensi hiyo ya mwisho iliongezwa na Mkurugenzi wa Idara ya Uzani wa Wanyama wa Nyumbani mwenyewe, na baada ya kuiongeza aliisoma tena kwa sauti, akijistahi.

Sindano ilipotangazwa redioni kuwa ni ukombozi wa taifa, palihitajika mbwa wa mfano. Mkurugenzi hakuhangaika kutafuta. Mama mkwe wake, mshonaji mstaafu mwenye magoti yaliyokwisha kazi kabla yake, alikuwa na mbwa aitwaye Godoro, ambaye akilala mlangoni wageni walilazimika kupitia jikoni. Tangu afiwe na mumewe, bibi huyo hakuwa na mwenziwe wa jioni ila mbwa huyo. Alimtoa kwa shingo upande.

"Nakuazima wewe, mwanangu, si serikali," alimwambia mkwewe. "Serikali siijui kwao."

Mkurugenzi akaapa kumrudisha salama na mwembamba.

Godoro akawekwa katika ukumbi wa mikutano, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye zulia na kufuli. Kila Jumatatu daktari wa wanyama alimdunga sindano. Kila asubuhi aliwekewa bakuli la chakula kikavu kilichopimwa, na kila jioni Kamati ya Uangalizi, ambayo Mkurugenzi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, ililikuta bakuli vilevile lilivyokuwa. Kamati ikaandika kwamba hamu ya chakula imezimika kwa kiwango cha kuridhisha. Lililobaki ni dosari moja ndogo: mbwa alikuwa akinenepa. Mizani ikashukiwa, ikabadilishwa. Juu ya mizani mpya akanenepa zaidi, jambo lililoipa heshima ile ya zamani.

Yafaa hapa kueleza utaratibu wa vitafunio. Katika Idara ile, kitafunio kilichobaki sahanini kilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba wajumbe wamepewa kupita mahitaji, na kikao kilichofuata kingepunguziwa. Kwa hiyo hakuna mjumbe mwenye akili timamu aliyebakiza hata chembe. Lakini tumbo la mjumbe nalo ni tumbo la binadamu, lina mwisho. Panapo mwisho huo, mayai ya kuchemsha, vipaja vya kuku na keki vilishuka taratibu chini ya meza, ambako Godoro alikuwa amelala akilitumikia taifa. Hakuna aliyeona kwamba huko ni kulisha. Kulisha, kwa mujibu wa kanuni, ni kuweka chakula katika bakuli. Basi kila mbwa aliponenepa, Kamati iliitishwa kulijadili jambo hilo kwa kina. Na kila ilipolijadili kwa kina, mbwa alinenepa.

Waziri akatuma salamu kwamba anakuja kuyaona mafanikio. Dawa haikuweza kuwa na kosa, maana ilikwisha kutangazwa. Mbwa hakuweza kuwa na kosa, maana alikuwa wa mfano. Alibaki mtu mmoja tu aliyeingia ukumbini bila kuwa mjumbe wala mtumishi wa Idara: Mama mkwe, aliyekuja kila Jumapili kumkuna Godoro masikio. Akaandikiwa mashtaka.

Mkurugenzi alifahamu vyema kwamba magoti yale hayangezunguka kiwanja hata mara moja, na kwamba mbwa angekwenda moja kwa moja. Mkewe naye alifahamu, na tangu siku ile alianza kumsemesha kwa kuuelekea ukuta. Hata hivyo Mkurugenzi aliwaza juu ya Waziri, akaona kwamba haki haina mkwe.

Siku ya shauri, Mama mkwe aliketishwa kwenye kiti cha mtuhumiwa, kilichokatwa miguu kwa agizo la Mkurugenzi ili kimfundishe mkaaji unyenyekevu.

"Shikamoo, Mama," alisema Mkurugenzi kutoka juu.

"Marahaba, baba. Kumbe ukikaa huko bado unaniona."

Alisomewa mashtaka, akayakana kwa upole. Kila akija, alisema, huja mikono mitupu, na mlinzi humpekua mkoba hadi kwenye kitambaa cha pua. Mjumbe mmoja akauliza kama hajapata kumlisha mbwa kwa mapenzi. Swali hilo lilikuwa zito, na kwa kuwa lilikuwa zito, chai ikaletwa.

Wajumbe wakala kwa bidii. Baada ya muda bidii ikapungua, na mikono, mmoja baada ya mwingine, ikaanza kuteremka. Mama mkwe alikuwa akitazama mbele. Kutoka kwenye kiti kile, mbele kulikuwa chini ya meza.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, bila kupandisha sauti, "hilo yai ulilolishika hapo gotini, unampelekea nani?"

Chini ya meza ilisikika sauti ya Godoro akilipokea yai.

Mkurugenzi alitamka kwamba suala hilo linahitaji kamati ndogo. Mama mkwe akajibu kwamba hana neno na kamati, iwe ndogo iwe kubwa, ila wamletee mbwa wake kwanza, maana akikaa hapa kikao kimoja zaidi hatapita mlangoni. Kisha akauliza ile kanuni inasemaje, kwa kuwa yeye ni mtu wa cherehani na huenda ameisahau. Katibu akaisoma yote. Alipofika kwenye cheo, umri na undugu, alisoma polepole zaidi, kwa mapenzi.

Wajumbe, ambao hawakupata kukubaliana hata juu ya sukari ya chai, siku hiyo walikubaliana mara moja: kamati haina mikono yake yenyewe, hutenda kwa mkono wa mwenyekiti wake.

Waziri alipofika, aliyaona mafanikio. Aliona kiwanja kilichofagiliwa vizuri, mbwa aliyekuwa akihema, na Mkurugenzi wa Idara ndani ya kizibao cha manjano, akimbembeleza mbwa aitikie jina lake na asimame kwa heshima. Waziri aliuliza huyu mlishaji ni nani. Akajibiwa kwamba ni yule aliyeiandika kanuni. Akasifu uwajibikaji, akaondoka kabla ya chai.

Vikao vilisitishwa kwa kukosa mwenyekiti, na Godoro akapungua kwa kasi iliyomshangaza daktari. Mama mkwe alikuja kila asubuhi, akaketi kivulini na kumhimiza mkwewe asiburute miguu, mbwa anaiga. Kipimo kilipotimia, Mkurugenzi alivua kizibao, akakikunja, akakikabidhi stoo. Kisha akamkabidhi bibi kamba ya mbwa kwa mikono miwili.

Mama mkwe alimtazama kuanzia kola hadi mkanda, ambao sasa ulikuwa umefungwa kwenye tundu jipya.

"Umeisha, baba," alisema. "Jumapili uje ule. Nyumbani kwangu sahani ikibaki, hapunguziwi mtu."