Tairodi Zilizonyweshwa Bia

Alhamisi, 6 Juni

Lori limezidi ukaidi. Binti yangu Benita anakata usukani kushoto, lori linafikiri kwanza, ndipo linakata. Jana kwenye kona ya kanisa lilifikiri sana. Nilikuwa nimekaa kando yake. Nikakanyaga breki, na upande wangu hakuna breki.

Don Severo, fundi wetu, alilala chini ya lori asubuhi. Akatoka akisema vichwa vyote viwili vya tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, vimekwisha, ndiyo maana stelingi inacheza. Anataka jenuini, za dukani, si za kwingineko. Aliposema kwingineko akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jumanne binti yangu anashuka mabonde ya Yungas kupakia machenza. Asiposhuka, zamu yake kwenye chama cha malori anapewa mkwe wa jirani yetu Doña Hilaria, na ukishapoteza zamu, msimu umekwenda. Akishuka na stelingi hii... Barabara ile ilimchukua mume wangu Fortunato, na lori lake lilikuwa zima. Siandiki zaidi.

Benita akasema kesho atakwenda dukani. Nikasema sawa, mwanangu, hakuna haraka. Alipogeuza mgongo tu, nikavaa kofia, nikaenda sokoni. Ni Alhamisi, soko lipo! Doña Casilda anauza vyuma juu ya turubai, vya kila lori lililopata kufa El Alto hii. Vipimo nilivichukua kwa uzi wa sufu, fundo moja urefu, fundo la pili unene. Mimi darasa sikulikalia. Herufi nilizipata uzeeni kwa kina mama wa kanisa, na rula mpaka leo hatuelewani. Uzi hauna maneno mengi. Casilda akanitolea viwili vipya vya kuigiza, vinang'aa kama meno ya bwana harusi. Akanishauri nilete kimoja cha zamani tulinganishe. Nikamwambia nimezaa watoto saba bila kulinganisha.

Nyumbani nikavitia kwenye boksi la jenuini ninalowekea vifungo vya nguo, nikamwambia Benita dukani nimeshakwenda mimi. Akili hizo!

Ijumaa, 7 Juni

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya kutambika. Nani angengoja? Nyingine ni Julai, na Benita anashuka Jumanne. Nikawasha mkaa uani, nikachoma majani, sukari na mafuta ya mnyama lama. Nikazimwagia tairodi bia, spiriti kidogo, na karatasi za rangi juu yake. Nikamwomba Mama Ardhi kwa kila kichwa peke yake, cha kushoto na cha kulia, asije akasahau kimoja. Bia iliyobaki nilimsaidia kuimaliza.

Severo akaja saa nne. Akafungua boksi, akanusa. Akauliza tangu lini jenuini zinanuka kilabu. Nikasema ndivyo zinavyotoka kiwandani siku hizi.

Akafungua za zamani, akajaribu mpya. Shina likaingia kwenye tundu la mkono wa gurudumu lenyewe, bila hata nyundo moja. Nikapiga makofi! Severo hakupiga. Akasema shina linatakiwa likabe, na hili linacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Tena limezama mno, nati inafika mwisho wa meno yake kabla haijakaza, na kile kitundu cha kotapini kimebaki hewani. Bila kotapini nati inafunguka yenyewe barabarani. Akasema, "Doña Nicolasa, hili boksi nalijua, mke wangu ndiye aliyekupa."

Nikamsihi asimwambie Benita. Akakubali, kwa sharti Jumapili soko likifunguka nizirudishe, nilete zinazofaa, na yeye azifunge Jumatatu. Sawa. Nimetulia.

Jioni Benita akauliza tairodi zimekaaje. Mdomo huu! Nikasema zimekaa kama malkia, Severo ameridhika. Akasema vizuri, kesho analizungusha mtaani.

Sijatulia.

Jumamosi, 8 Juni

Benita alikwenda kwenye mkutano wa chama mpaka saa tano. Nikamwita Don Eleuterio, fundi baiskeli. Nikamwambia Severo ndiye aliyeagiza afunge zile mpya. Nikakata kopo la bia utepe mwembamba, nikauzungusha kwenye shina ili unenepe. Likakaba! Nati ikakaza! Kotapini haikupata pa kushika, basi nikafunga na waya. Eleuterio akasema kwenye baiskeli asingethubutu. Nikamwambia ndiyo maana anatengeneza baiskeli.

Benita akarudi, akaondoa lori. Nikasimama getini. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikaanza hata kutabasamu. Ya tatu, mbele ya duka la Doña Hilaria, nikasikia ko! Gurudumu moja likatazama kanisa, jingine likamtazama Hilaria. Lori likafuata la Hilaria. Likaishia kwenye magunia yake ya viazi vikavu. Asante Mungu lilikuwa linatambaa tu, na hakuna aliyeguswa.

Hilaria akatoka mikono kiunoni. "Nicolasa! Lori lako limekuja kununua au kuiba?"

Nikamjibu limekuja kunusa kama vimeoza.

Benita akashuka. Hakunitazama. Akaingia chini ya lori, akatoka na utepe wa kopo, umetafunwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hii ni bia?"

Nikasema ni kopo tu, bia haimo.

Akasema, "Na hii kona ingekuwa ya Yungas?"

Basi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, mimi kelele naziweza. Nikaingia jikoni nikamenya viazi mpaka vikaisha, kisha nikaanza kumenya vya kesho.

Jumapili, 9 Juni

Sokoni kabla Casilda hajatandika turubai. Tairodi nilizisugua kwa mafuta ya taa na mswaki, mpaka mswaki ukafa. Casilda akapokea, akanusa, akakunja mpira wa kuzuia grisi. Karatasi moja ya njano, ndogo kama kucha ya mtoto, ikamdondokea pajani.

"Hee, mama! Umeshazinywesha hizi!"

Nikasema karatasi imepeperuka tu, sokoni upepo mwingi. Akawaita wenzake wa jirani watoe hukumu. Wote wakasema kitu kikishatambikiwa kimeshatajwa jina la mwenyewe, Casilda akikiuza tena ataleta balaa kwenye lori la mtu. Mwuza betri akaongeza kwamba hata yeye alimtambikia mkewe, na hajapata pa kumrudisha. Wakacheka. Nami ningecheka, siku nyingine.

Casilda akataka kuona nilipima kwa nini. Nikamwonyesha uzi. Akauvuta, ukarefuka nusu kidole. Akauachia, ukarudi. Akauvuta tena, ananitazama. Nikamwambia inatosha, nimeona.

Nikarudi nyumbani, nikafunga kichwa kimoja cha zamani mgongoni kwa shuka, nikapanda tena sokoni. Njiani mwanamke akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Fortunato. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akasema Mungu amkuze.

Casilda akalinganisha chuma kwa chuma. Shina kwa shina, meno kwa meno. Akachimba chini ya rundo akanipa viwili vya sawasawa. Vya kuigiza pia, lakini nati inaingia na tundu la kotapini liko mahali pake. Akanishika mkono, akasema, "Usivinyweshe mpaka vifungwe, mama. Tafadhali."

Jumatatu, 10 Juni

Severo kafunga. Shina lilikaba mpaka likatakiwa kupigwa nyundo, na nyundo ile ilinifurahisha kuliko ngoma ya harusi. Kotapini ndani, grisi ndani, akapima magurudumu kwa kamba yatazame njia moja. Benita alimsimamia muda wote. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni.

Mchana nikamwambia Benita zamu si kitu, mpe mkwe wa Hilaria, tutakula viazi. Akasema viazi nimeshavimenya vyote. Kisha akanikumbatia. Amekonda mabega, huyu mtoto. Ana miaka arobaini na mbili.

Jumanne, 11 Juni

Ameondoka alfajiri. Nimefagia ua mara tatu. Kule makorongoni simu haishiki.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna simu. Redio ikasema ukungu Yungas. Nikaizima. Nikaiwasha, isije ikasema kitu nisisikie. Doña Hilaria akaja na bakuli la supu, akakaa. Hakutaja magunia. Akasema mkwe wake kapita kule mara mia. Nikasema Fortunato wangu alipita mara elfu. Akanijazia bakuli. Mbaya wangu huyu, lakini supu anajua.

Alhamisi, 13 Juni

Amerudi! Saa mbili asubuhi, honi kutoka kona ya kanisa, lori limejaa machenza mpaka juu. Anasema stelingi inaitika kabla hajamaliza kufikiri. Amekula supu mabakuli mawili. Nimemshika uso mpaka akaniambia mama, niache nimeze. Nimelia kidogo kwenye vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Alipokuwa anavua viatu akasema breki zinapiga kelele kwenye mteremko, Jumamosi atamwita Severo azifungue aone. Kisha akalala.

Kelele! Kwenye mteremko! Na Severo, namjua, atataka zifunguliwe kwanza, zilinganishwe, atataka za dukani. Mimi nimekaa kwenye lori lile miaka ishirini, breki zake nazijua kwa macho. Kubwa kiasi cha sahani ya supu, labda kuzidi kidogo.

Leo soko lipo. Naandika nimesimama, kofia iko kichwani. Akiamka akiuliza, nimekwenda kanisani kushukuru.