Kodi ya Wingu

Olow, dalali wa ngamia, aliuliza swali moja tu, na Yahye, fundi wake wa programu, akaona riziki imemjia kwa miguu yake.

"Kijana, hii tovuti yangu inakaa wapi?"

"Winguni, adeer," akajibu Yahye, akimwita ami kwa Kisomali.

Olow akachungulia nje ya kibanda. Anga la Garissa lilikuwa jeupe pe. "Wingu gani hii?"

"La kukodi," akasema Yahye bila kupepesa.

Uongo mtupu! Wingu lile lilikuwa la bure. Kampuni ya ng'ambo huwapa mafundi wa programu nafasi ndogo bila malipo, na tovuti ya Olow ya kuuzia ngamia iliketi humo kwa raha zake. Lakini Yahye alimpenda Bilan hadi usingizi ukamkimbia, na wazee wa Bilan walitaka ngamia jike wa mahari kabla ya Ramadhani. Kazi ya programu hainunui hata mkia.

Basi leo kodi ya wingu, kesho mdudu, yaani kasoro ya programu. "Adeer, programu imeingia mdudu," alikuwa akisema, na mdudu ni yeye, aliyeizima tovuti akiwa kitandani. Olow alinung'unika, akalipa. Naye hakuwa malaika: tovuti ilimletea wateja wa Nairobi wasiojua jike na dume, akawachuna kisawasawa.

Siku moja Olow akamwita. "Humu ndani ya tovuti naona ngamia moja siijui. Angalia, pengine ni mdudu."

Yahye alikuwa akiandikiana na Bilan, hakuinua hata macho. "Umesahau tu, adeer, ngamia wako ni wengi. Kilichomo kwenye mfumo kipo. Mfumo hausemi uongo."

"Haisemi uongo," Olow akarudia polepole.

Ramadhani ilipokaribia, Yahye akatupa ndoano kubwa: wenye wingu wanataka kulifunga, isipokuwa walipwe ngamia jike mmoja, yamalizike kabisa. Olow akastaghafiru, akasikitika, kisha akamwonyesha picha kwenye tovuti. Jike mweupe, nundu imesimama. Yuko malishoni Bura. Jina: Bilan.

Hata jina! Yahye nusura alie. Kama hii si riziki iliyoandikwa, ni nini?

"Chukua," akasema Olow. "Lakini wingu ikishalipwa, mimi napewa funguo."

Yahye akamwandikia nywila zote, mbio mbio.

Akaenda Bura na Abdihafid, mjomba wa Bilan, mtu asiyecheka ovyo. Wachungaji wakaitazama picha, wakaangua kicheko.

"Waryaa, we kijana, huyu ni wa mashindano Uarabuni! Hapa hajawahi kukanyaga."

Yahye akaitazama tena, akakumbuka. Mwaka jana, akiijaribu tovuti, alijaza ngamia wa uongo kwa picha za mtandaoni, na yule mrembo kupita wote akampa jina la mpenzi wake. Kisha akawafuta wote. Kumbe mmoja alibaki. Katika wadudu wote aliomtozea Olow fedha, huyu peke yake ndiye aliyekuwa wa kweli, na Olow alimwambia habari zake bure.

"Kwa hiyo," akasema Abdihafid, akilisoma jina chini ya picha, "binti wa dada yangu ndiye ulimfanya ngamia?" Hakungoja jibu. Akawasha gari, akaondoka.

Yahye akampigia Olow simu. "Adeer, ngamia hayupo!"

"Yupo, kijana. Mfumo haisemi uongo."

"Yupo wapi?"

"Winguni," akasema Olow. "Na funguo ninayo mimi. Kuanzia leo, kodi yake unalipa wewe."