Risasi Yenye Mkia

Jumatatu, 1 Juni 1959. Mtongwe.
Nguruwe mwitu wamerudi alfajiri. Matuta saba ya muhogo wa dada yangu Mastura, mjane, yamefukuliwa. Asema shamba likiisha hana budi kuhamia Changamwe kwa shemeji zake, akawe mpishi wao. Nimemwahidi ulinzi wa kitaalamu. Gobori la marehemu baba lipo. Jirani yetu Mwidani ashauri tupige debe usiku kuwatisha, kama afanyavyo yeye. Debe halina nadharia.

Jumatano, 3 Juni.
Nimefyatua mara moja. Nguruwe alikuwa hatua thelathini. Risasi imepata mnazi ulio kando yake hatua nne. Sababu ni dhahiri: risasi ya mviringo hushindana na hewa na kushindwa. Mwidani aliuliza kama mnazi nao ulikuwa ukila muhogo.

Ijumaa, 5 Juni.
Nimeyeyusha risasi za zamani na kusubu mpya: ndefu, umbo la kokwa ya tende, yenye mkia wa bati kama wa mshale ili isipinduke njiani. Katika kulenga ikanijia hoja. Bismillahi husomwa kwa windo. Je, kwa nguruwe, ambaye hata akisomewa hitima nzima haliki, yajuzu? Niliipima hoja pande zote mbili. Nilipoamua nisisome, nguruwe alikwisha shiba na kwenda zake. Mastura akaniomba mimi nilenge tu, maulamaa tutawauliza kesho.

Jumapili, 7 Juni.
Risasi imenyooka kama uzi. Kwa bahati mbaya nguruwe alisogea, na nyuma yake alikuwa amefungwa mbuzi wa Mastura, wa pekee. Alikufa kabla kisu hakijafika. Mbuzi asiyechinjwa ni mzoga. Tumemfukia mzima mzima. Mwidani alikuja na jembe kusaidia, akasema wallahi hajapata kuona mtu akiharamisha mbuzi kwa hesabu. Mastura hakucheka. Anafunga mzigo.

Jumanne, 9 Juni.
Mastura amevuka kwa feri asubuhi. Hakuniaga. Nimemwandikia barua, na mchoro ndani yake, kumthibitishia kwamba risasi haikukosea; aliyekosea ni nguruwe. Nyumba kimya. Nguruwe sasa waja mchana kweupe, wala hawashtuki nikikohoa. Hali haijapata kuwa nzuri hivi kwa majaribio.

Nitarefusha mkia.