Jibu Liko kwa Mkurugenzi

Siku Idara ya Vijana Waendao Ng'ambo ilipozindua rasmi Kitengo cha Majibu, Mkurugenzi alikata utepe, akajipangusa jasho, akatangaza kwamba kuanzia leo taifa halitaaibishwa tena na mdomo wa mtoto. Watu wakapiga makofi. Walioketi nyuma hawakusikia vizuri, ila nao walipiga, maana soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Jambo lenyewe lilikuwa la busara kabisa. Mwanafunzi wa kubadilishana akienda kukaa mwaka mzima na familia ya watu, huulizwa maswali. Kwenu mnaishije? Shule zenu zikoje? Na mtoto, kwa utoto wake, hujibu ukweli. Hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kila swali atakaloulizwa lipigiwe simu Idarani, lijadiliwe na wataalamu, na jibu litoke na saini ya Mkurugenzi mwenyewe. Jibu likisubiriwa, mwanafunzi aseme sentensi moja tu: "Swali lako ni zuri, tumelipokea, linafanyiwa kazi."

"Na atakayejibu kwa kichwa chake," Mkurugenzi alisema, "anarudishwa kwa ndege ya kwanza. Mdomo uliponza kichwa!"

Wa kwanza kupelekwa chini ya utaratibu huo alikuwa binti wa fundi redio mmoja, msichana wa miaka kumi na sita ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Tofauti yake na redio za baba yake ni kwamba zile zilikuwa na kitufe cha kuzimia. Alipata nafasi kwa mtihani wa kujieleza, akawaacha wenzake mbali, kisha akafundishwa kunyamaza.

"Mwanangu, funga mdomo, usome," baba yake alimwambia wakiagana. "Huko kuna karakana ya umeme ambayo hapa hutaiona hata ukizeeka. Mwaka ni nini? Mwaka ni upepo tu."

Redio akaapa. Aliitaka karakana ile kuliko kitu chochote duniani.

Huko ng'ambo, mama mwenyeji aliyempokea nyumbani kwake alikuwa muuguzi, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembelezea wagonjwa. Jioni ya kwanza alipakua chakula, Redio akamaliza sahani, mama akauliza, "Umeshiba, mwanangu?"

"Swali lako ni zuri," Redio akasema, macho kwenye sufuria. "Tumelipokea, linafanyiwa kazi."

Na kazi ilifanyika kweli, tusiwasingizie watu. Wataalamu walikaa kikao, wakaahirisha, wakakaa tena. Jibu likatoka majira yameshabadilika: hali ya shibe ni ya kuridhisha na jitihada zinaendelea. Maskini, siku ile yenyewe binti alilala na njaa, na mama wa watu akaacha kumwongezea, akidhani anajilazimisha kula.

Shuleni nako mambo yalikuwa yale yale. Mwalimu wa karakana aliita majina kila asubuhi. "Yupo?" Redio, kaketi mbele ya pua yake, alijibu kwamba swali limepokelewa. Mwalimu akaandika hayupo. Idara ilipokuja kuthibitisha kwamba binti yupo, shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na kweli hakuwepo.

Ndipo siku moja mama mwenyeji akaja na nguo za kukunja, akaketi kitandani kwa Redio. Hakukunja hata moja.

"Nisikilize, mwanangu. Mwalimu mkuu anasema mtoto asiyezoea arudishwe kwao. Mimi sitaki kukufukuza. Lakini sitaki pia kukushikilia humu kama huna furaha. Niambie tu. Unataka kubaki?"

Nataka! Neno lilimjia Redio mpaka kwenye meno. Nataka, mama, na ile jioni ya kwanza ningekula sahani mbili! Akalimeza, akasema ile sentensi, na machozi yakamtoka bila idhini ya mtu yeyote.

Safari hii Idara ilijibu upesi ajabu. Mkurugenzi angekuja kulijibu swali mwenyewe, ana kwa ana. Katibu muhtasi wake, mama mmoja mwenye roho nzuri, akamnong'oneza Redio kwenye simu: "Bibie, anakuja na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Jibu lako ni kwamba hutaki kubaki. Nafasi anaichukua huyo kijana. Mimi sijakwambia kitu."

Redio akakata simu kwa hasira. Mtihani alifanya yeye. Njaa alilala nayo yeye.

Siku ya ndege, yeye na mama mwenyeji walikwenda kupokea wageni. Abiria walitoka wakaisha. Kisha akaja askari wa uhamiaji, akawaongoza mpaka kwenye chumba cha vioo. Mkurugenzi alikuwa humo, suti mpya, tai imekaza shingo, na ubavuni mwake kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Huyu bwana nimemuuliza amekuja kufanya nini," askari alisema, "akanijibu kwamba mtu wa hadhi yake haulizwi. Anasema wewe ndiye utakayemjibia. Haya, binti. Unamfahamu?"

"Mjibu, mtoto," Mkurugenzi alisema, kifua mbele. "Mwambie mimi ni nani."

Redio akamtazama. Akamtazama na mpwa. Kisha akasimama wima, kama alivyofundishwa.

"Swali lako ni zuri," alimwambia askari. "Tumelipokea, linafanyiwa kazi."

"Wewe! Una wazimu? Mjibu!"

"Bila idhini, mheshimiwa? Si nitarudishwa kwa ndege ya kwanza?" Akatoa simu, akapiga Idarani, akaongeza sauti chumba kizima kisikie.

"Bibie, hilo jibu halitoki," katibu muhtasi alisema. "Kila jibu lina saini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi hayupo ofisini. Jaribu wiki ijayo."

"Mimi hapa!" Mkurugenzi alifoka. "Niko hapa!"

"Na wewe ni nani, mwenzetu?" simu ikauliza.

Redio akamtafsiria askari neno kwa neno, bila kutia chumvi. Askari akafunga kalamu yake. Wageni wasiojulikana na mwenyeji wao, alisema, wana utaratibu wao. Wakapandishwa ndege ya kwanza.

Nje, mama mwenyeji aliwasha gari, akalizima. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

"Nataka!" Redio akapasuka. "Nataka kubaki, na sikushiba, na shuleni nipo, nipo kila siku, na ile taa ya jikoni inayokonyeza ni waya umelegea, nitakutengenezea, na kwetu..." Mama wa watu alicheka huku analia, akapitiliza njia ya nyumbani, na redio haikuzimwa.

Mkurugenzi naye alifika kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu ana kamasi. Dada alikuwa ameshawatambia majirani wote kwamba mwanawe yuko ng'ambo, na majirani wenyewe walikuwa barazani wanasikiliza. Akamvuta kijana ndani, akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu. Mbona mtoto karudi?"

Mkurugenzi alitazama huku na huku. Hapakuwa na wa kumjibia. Akajikaza, afe na tai shingoni.

"Dada, swali lako ni zuri. Tumelipokea, lina..."

Mlango ukafungwa, komeo likalia.

"Likishafanyiwa kazi," sauti ya dada ikatoka ndani, "ubishe hodi!"