Etiketi Zinazokataa Kubanduka

Bunia, Mudzipela, Jumatatu

Kwa Papa Blanchard, mwenye duka la kuchapa etiketi

Papa Blanchard,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mashine yako. Mimi ni Vital, mume wa marehemu Adeline, yule aliyeuza pilipili ya kusaga katika chupa kuukuu za confiture, yaani jamu ya kupaka mkate. Mwezi uliopita uliniuliza kama nataka etiketi za karatasi ya kukata ao za rola. Nilichagua rola bila kuuliza kazi yake, kwa sababu lilifanana na bendeji za hospitali ya Nyankunde, nilizokuwa nikizikunja kando ya kitanda cha Adeline. Sasa najua kwamba rola ni la mashine ya kubandika. Mashine yangu mimi ni kidole gumba. Ujinga huo ni wangu, siulalamikii. Nalalamikia haya:

1. Etiketi zako hazibanduki. Adeline aliandika zake kwa kalamu ya bic kwenye karatasi ya daftari, akazibandika kwa uji wa unga wa muhogo. Baada ya wiki mbili zilianguka, ao mende walizila, na wateja walirudi na chupa mkononi: «Papa Vital, hii iko pilipili ao iko confiture?» Mwalimu Étienne aliuliza akiwa amekwisha kuipaka kwenye mkate. Alikunywa maji kwetu mpaka saa sita, akilia, nasi tukicheka. Tangu rola lako lije, hakuna aliyerudi kuuliza kitu. Kila mtu anajua anachokula. Ni hasara kubwa.

2. Zote zinafanana. Za Adeline kila moja ilikuwa na mteja wake. Ya Mama Clarisse ilisema: «Usimupe mutoto.» Ya Étienne, baada ya ule mkate: «Mwalimu, soma kwanza.» Naomba etiketi mia tano, kila moja na neno lake. Maneno mimi sina, Adeline ndiye alikuwa nayo. Tafadhali yatafute.

3. Herufi zako zimenyooka mno. Adeline alisahau kupima nafasi, kwa hiyo herufi za mwisho zilipanda ukingoni kama kuku wanaokwenda kulala. Mashine yako ifundishwe kukosa nafasi.

4. Gundi ibadilishwe. Unga wa muhogo nitauleta mwenyewe, na mende pia, kama huko kwako hawapatikani.

Ikiwa haya yanakushinda, njoo uchukue rola lako. Njoo wewe mwenyewe, usitume mtu. Chai iko, na viti vyote viko wazi.

Nisalimie mke wako Rébecca, wafanyakazi wako wote, majirani wa duka, na ile mashine, ambayo najua haina kosa.

Wako kwa heshima,
Vital, muuza pilipili asiyeulizwa kitu

N.B. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, niliona etiketi ya mwisho ya Adeline imeanguka mezani, ile ya chupa yetu ya nyumbani. Inasema: «Ya Vital. Punguza.» Nimeiweka kwenye mlango wa kabati, nikaibana kwa etiketi zako nne, moja kila pembe. Nimeivuta mara tatu. Haitoki. Mende mmoja amepita, amenusa gundi yako, amekwenda zake.

Papa Blanchard, rola usilichukue. Nichapie lingine, na gundi iwe ileile. Lakini chai uje kunywa.