Nyumbu wa Kambi Naye Ahojiwe Imani Yake

Harlan Creek, Nebraska
12 Juni

Kwa Bwana Mwenyekiti,
Umoja wa Vijana wa Mahema.

Salamu nyingi, na pole kwa mvua ya mawe iliyolaza mahindi yako.

YAH: KUFUKUZWA KWA BINTI YANGU

Mimi ni Orville Stenberg, mzee wa kanisa la Kilutheri hapa kwetu, kwa hiyo usinidhanie vibaya. Binti yangu Ingrid, wa miaka kumi na miwili, ametolewa kwenye Umoja wenu kwa kukosa Mungu. Tangu hapo kila Jumanne, siku ya mkutano wenu, anapiga pasi sare yake, anaivaa, kisha anakaa barazani kuwatazama wenzake wakipita na mahema. Naomba arudishwe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kiongozi wao, Bwana Pruitt, alimuuliza, "Wewe mtoto, unaamini Mungu yupo?" Akajibu, "Bado nachunguza, bwana." Akaambiwa, "Basi chunguza upesi, mwisho Ijumaa." Mimi nasali tangu utotoni na uchunguzi wangu haujaisha.

2. Aliambiwa mungu yeyote anatosha. Mtoto wa Pruitt alitaja timu ya mpira ya jimbo, akapigiwa makofi. Wangu alikataa kusema uongo, ndiyo maana yuko barazani.

3. Nyumbu wenu wa kubeba mizigo ya kambi, Duchess, anavaa skafu na beji ya uanachama, lakini hajawahi kuhojiwa. Nilikwenda kumhoji mwenyewe, mbele ya mashahidi. Jibu lake lilikuwa kula kofia yangu. Naomba naye afukuzwe.

4. Ghala la Bwana Pruitt liliposhika moto mwaka jana, mke wangu Maureen, ambaye haamini kitu asichoweza kukishika, alipanda paani na mpira wa maji. Pruitt alimwambia tu, "Maureen, mwaga kushoto, kushoto zaidi." Habari za imani hakuuliza. Kwa kuwa kanuni ni kanuni, naomba ghala lichomwe upya, lizimwe na waumini peke yao. Kiberiti nitaleta mimi.

Natumaini utayashughulikia haya kabla ya kambi ya Julai. Nisalimie mkeo, watoto, majirani wote, na Bwana Pruitt pia, maana sina kinyongo naye.

Wako katika imani,
Orville Stenberg

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Ingrid amekuja kuniambia, "Baba, nimeanza kusali." Nimefurahi mno, nikamuuliza anaomba nini. "Naomba wasinirudishe." Kumbe wenzake wamewatoroka ninyi, wamehamia kwenye hema letu uani, na huko hahojiwi mtu. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nakusihi ukatae kila nililoandika hapo juu. Ni sala yake ya kwanza. Nisingependa ikose kujibiwa.