Sura ya Tisa na Ufunguo wa Choo Chetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bunge la Katiba, ambaye pia ni Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mpiga chapa wako, yule wa meza iliyo karibu na kabati lisilofungika, mtoto wa dada yako mkubwa. Nimepokea barua yako inayonitaka nijieleze jinsi kanuni za nyumba yetu ya kupanga zilivyoingia katika Katiba ya nchi, na kunijulisha kwamba Ijumaa Bunge litazifuta, na mimi kazi sina. Najieleza. Nikimaliza nitalalamika.

Nyumba yetu ina vyumba tisa na choo kimoja. Asubuhi ile wapangaji walikuwa wameshikana mashati, nami, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, nikaombwa kuandika kanuni. Nilizipiga chapa saa ya chakula kwa mashine ya serikali, na kwa hilo naomba radhi. Karatasi ikabaki mezani. Tarishi wetu, mzee mwenye miwani ya kioo kimoja, alikuwa anahangaika kuitafuta Sura ya Tisa, ambayo haikuwapo kwa sababu kamati yake ilikuwa bado nje ya nchi ikijifunza namna ya kuiandika. Akaona karatasi safi yenye vifungu vitano, akaigonga namba tisa, akaibana pamoja na nyingine. Mkaipitisha kwa makofi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema mimi ni mzembe. Mjomba, Katiba ile niliipiga chapa mara saba mpaka vidole vikaota sugu. Wajumbe mia mbili walitia sahihi kila ukurasa. Kama yupo aliyeisoma, ajitokeze nimpe mkono.

2. Hapana, hapo nimewasingizia. Sura ya Tisa mliisoma. Nilikuwapo, nikiandika kumbukumbu za kikao. Sura ya haki za raia ilipita wakati vikombe vya chai vinagawiwa, lakini kifungu kisemacho "Asiyefagia siku ya zamu yake hatateka maji siku hiyo" kilijadiliwa siku mbili nzima. Waziri na kiongozi wa upinzani, ambao hawajasalimiana tangu uhuru, walikubaliana. Mjumbe mmoja alilia. Wewe mwenyewe ulisimama ukasema huo ndio moyo wa Katiba, na nikaandika hivyo, na nakala ninayo.

3. Kifungu cha nne kinasema: "Mwenye ufunguo ataushika mwezi mmoja, kisha atamkabidhi wa chumba kinachofuata bila kungoja kuombwa." Sikutaja ufunguo wa nini, kwa kuwa nyumbani kwetu ufunguo wa kugombaniwa ni mmoja na kila mtu anaujua. Sasa mwanasheria mmoja mkorofi amekwenda mahakamani kudai kwamba, kwa vile haukutajwa, basi ni kila ufunguo: wa Ikulu, wa hazina, wa gereza. Jaji amesema hoja ina uzito. Na Mkuu wa Nchi yuko mwezi wa nne na ufunguo wake mfukoni. Miezi yote hiyo hamkuona kosa lolote. Mmeliona wiki ile ile jaji alipofungua mdomo, na mimi ndiye nimetolewa kafara.

4. Hamjafikiria mtakachovunja. Fundi cherehani wa chumba cha kwanza ameibandika Sura ya Tisa kwenye mlango wa choo, na watu wanafagia. Mama wa chumba cha saba, mjane mwenye goti bovu, aliyezoea kusukumwa kwenye foleni na kukaa kimya, juzi alimnyooshea mtu kidole akasema, "Katiba inasema!" Mjomba, nilisisimka mwili mzima. Kwa mara ya kwanza niliona kazi ya vidole vyangu inasimama kwa miguu yake, hata kama mmoja ni mbovu.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Ijumaa mzifute sura nyingine zote, mbaki na ya Tisa. Haina gharama, inaenea ukurasa mmoja, na hakuna mtu mkubwa kiasi cha kutokwenda chooni.

Mama anakusalimu, anakuulizia afya yako na sufuria yake. Wasalimie nyumbani wote, msalimie tarishi, na umwambie simlaumu.

Ni mimi mpwa wako na mtumishi wako hadi Ijumaa,
Mpiga Chapa, chumba cha sita.

Nyongeza: Nimesahau kutaja kwamba aliyenyooshewa kidole ni mimi. Ufunguo wa choo ninao, huu ni mwezi wa nne. Si tamaa, Mjomba. Kuna mambo niliyoyaanza ambayo hayajakamilika, na huyo mama anayefuata, kwa goti lile, sidhani kama yuko tayari kwa majukumu. Kwa hiyo kama ni lazima mfute kitu, futeni kifungu cha nne tu, na ikiwezekana msingoje Ijumaa. Wapangaji wamenipa mpaka Alhamisi.